Mashabiki wa Safari Katika Pwani ya Mtwara

Katika miji na vijiji vya pwani ya kusini, tangu Mikindani hadi Msimbati na Kilambo karibu na mlango wa Mto Ruvuma, wako wazee ambao hawakupata kumiliki gari hata siku moja, lakini ukiwauliza ni gari gani lililotangulia katika mashindano ya Safari ya mwaka 1967 watakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na kila mmoja atakuongezea sababu za ushindi ule, na sababu hizo hazitapatana. Jambo hili huwastaajabisha wageni, kwa kuwa mashindano hayo, yalipokuwa yakiingia katika ardhi ya Tanganyika, kwa desturi yalishika njia za Tanga na Usambara, za Dar es Salaam na Morogoro, za Iringa na Mbeya, yakaiacha Mtwara ng'ambo ya Rufiji pamoja na mchanga wake. Nia yangu ni kusimulia namna mchezo ambao watu wa huku hawakuuona kwa macho ulivyokuwa mali yao kwa masikio, na namna ulivyowapa maneno ya kutaniana ambayo hayajaisha mpaka leo.

Asili ya mchezo wenyewe haikuwa ya Mwafrika. Mwaka 1953, Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth, ambaye mwaka mmoja kabla yake alipata habari ya kifo cha baba yake akiwa mgeni katika nchi ya Kenya, walowezi wachache wa Nairobi waliokuwa na mapenzi makubwa ya magari walitaka kuiadhimisha sherehe hiyo kwa namna yao wenyewe. Bwana mmoja aliyeitwa Eric Cecil, ambaye hakupendezwa hata kidogo na mashindano ya kuzunguka uwanja mmoja mfano wa ngamia wa kinu cha ufuta, alishauriana na binamu yake Neil Vincent, na katika mashauri hayo ikazaliwa Safari ya Kutawazwa, iliyokimbiwa kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Isisahauliwe kuwa Kenya wakati ule ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na kwamba Mwafrika katika mchezo huo alikuwa mtazamaji wa kando ya njia, au msukumaji wa gari lililozama, aliyelipwa shilingi mbili tatu au asilipwe chochote. Lakini mchezo una tabia ya kumtoroka aliyeutunga, na huu ulitoroka upesi sana.

Sababu ya kutoroka kwake, kwa maoni yangu, imo ndani ya kanuni ya kwanza ya mashindano. Magari yaliyoruhusiwa yalikuwa ni yale yale yaliyouzwa madukani, yasiyogeuzwa wala kuongezewa nguvu kwa siri, nayo yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake na si kwa ukubwa wa injini, hata mwaka ule wa kwanza hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, gari dogo lenye mgongo wa kobe, ambalo mwalimu wa misheni au karani mwenye akiba angeweza kulitamani bila ya kuchekwa. Alhasili, mtu aliyesimama njiani alikuwa akiliona gari la mashindano na papo hapo akilitambua: ni lile la daktari, ni lile la Mhindi mwenye duka la vitambaa, ni lile tulilolisukuma juzi kwenye mto.

Watu wa Marekani walikwisha kuitambua siri hiyo kabla yetu. Bill France na wenzake walipoanzisha chama cha NASCAR huko Daytona Beach, Florida, mwaka 1948, waliona kuwa watu hawana haja sana ya magari ya ajabu yaliyoundwa kwa ajili ya uwanja, bali wanataka kuona gari la aina ile ile waliyoiacha nje ya uzio likishindana na la jirani yao; na mwaka 1949, katika mji wa Charlotte, yalifanywa mashindano ya kwanza ya magari ya dukani halisi. Aliyefika wa kwanza siku ile, Glenn Dunaway, alinyang'anywa ushindi kwa kuwa springi za gari lake zilikuwa zimeongezewa nguvu kwa mtindo wa wale waliokuwa wakisafirisha pombe ya magendo usiku, na ushindi akapewa Jim Roper. Nasikia mashabiki wa huko wameyabishania mambo ya namna hiyo kwa vizazi, na sishangai, maana shabiki wa kweli hula ubishi zaidi kuliko alavyo ushindi.

Sasa na turudi kusini. Kabla ya mwaka 1947 magari katika Jimbo la Kusini yalikuwa machache. Kisha ukaja ule mpango mashuhuri wa karanga wa serikali ya Uingereza, ambao ulimwaga matrekta na malori katika pori la Nachingwea, baadhi yake yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'oa miti, ukajenga bandari ya maji marefu katika Mtwara na reli ya kuifikia, na ukala pauni milioni 36 kabla ya kuvunjwa mwaka 1951 bila ya karanga za maana kuonekana. Vitabu vingi vimeucheka mpango huo, na haki kuchekwa. Lakini vitabu hivyo aghalabu havisemi kuwa katika karakana zake vijana wengi wa Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera walijifunza kufungua injini na kuifunga, kuendesha malori katika mchanga na kuyatoa matopeni, na kwamba mpango ulipokufa wao hawakufa, bali walitawanyika na ufundi wao katika Lindi, Masasi, Newala na Mtwara. Reli nayo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa, na tangu hapo mtu wa kusini aliyetaka kwenda Dar es Salaam alikuwa na bahari, au ndege kama ana fedha, au barabara.

Barabara hiyo yataka sifa yake. Masafa ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam hayapungui kilomita 550, na katika masika Mto Rufiji ulikuwa ukifura na kumeza njia, hata malori yakapanga mstari katika kivuko cha Ndundu kungoja pantoni kwa siku ambazo abiria waliacha kuzihesabu, wakapika ugali kando ya magurudumu, wakajuana, wakaoana pengine. Mtu akishavuka hapo alikuwa na Nyamwage mbele yake, kisha Somanga, kisha Nangurukuru, na kila mahali palikuwa na udongo wa tabia nyingine: mweusi unaonata, mwekundu unaoteleza, mchanga unaomeza. Dereva aliyefikisha lori lake Mtwara katika mwezi wa Aprili alipokewa kama nahodha aliyerudi salama kutoka Bara Hindi, na taniboi wake, aliyekuwa akikimbia nyuma ya gari na gogo mkononi ili alizuie lisirudi bondeni, alikuwa na masimulizi ya kumtosha mpaka safari nyingine. Basi watu waliolelewa katika elimu hiyo waliposikia kwamba Wazungu na Wahindi wanashindana kwa makusudi kupita katika matope wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua kubwa, kwanza walicheka, na pili wakataka kujua nani ameshinda.

Habari zilifika kwa njia mbili. Ya kwanza ni magazeti, yaliyoletwa na meli au na ndege za East African Airways, yakiwa yamekwisha kuchakaa kwa siku. Na ya pili ni redio, ambayo katika mtaa mzima huenda ilikuwa moja, imewekwa dirishani ili walioko nje wasikie, na betri zake zikianikwa juani zilipoanza kudhoofu. Usiku wa Pasaka watu walikaa barazani mpaka saa nyingi, Waislamu na Wakristo pamoja, wakingojea majina ya vituo vya ukaguzi na alama za adhabu. Na kwa kuwa aliyesikia vizuri alikuwa mmoja au wawili tu, waliobaki walisimuliwa, na kila msimuliaji alitia chumvi kwa kadiri ya chama chake.

Nasema chama, kwa sababu ushabiki ulikwisha kugawanyika. Walikuwako watu wa Peugeot, ambao waliita gari lao Pijo. Na hao aghalabu walikuwa madereva na mafundi, waliokuwa wakisifu uimara wa chuma chake na urahisi wa kupata vipuri. Walikuwako watu wa Volkswagen, wachache na wakaidi, wakijivunia kuwa injini ya gari lao haihitaji maji, sifa ambayo katika uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ilikuwa ikipandishwa kichwani kutoka bondeni, si sifa ndogo. Watu wa Ford walikuwa wapole. Watu wa Datsun walikuja baadaye, wakiwa na kelele za vijana. Kanuni ya baraza ilikuwa ya utani: aliyeshindwa hukubali kusemwa mwaka mzima bila ya kununa, na hulipa kahawa na kashata za jioni moja, na shehe aliyeulizwa kama hiyo si kamari alijibu, kwa riwaya niliyoisikia, kuwa kahawa ni sadaka, akapokea kikombe chake. Utani huo ulikuwa na ukali wake. Mtu wa Volkswagen aliyefiwa na mjomba, katika nchi ambayo mjomba ndiye mwenye ukoo, aliambiwa na mtani wake wa Pijo kuwa maiti atafikishwa kwa wakati, maadamu hatabebwa na gari lake. Na msiba ukapata kicheko, jambo ambalo watani wameruhusiwa na mila.

Mwaka wa 1963 ulikuwa wa kwanza kuwatia watu wa Pijo kiburi. Magari 84 yaliondoka na magari 7 tu yakarejea, na la mbele yao lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mvua ilifanya kazi ile ile: yakaondoka magari zaidi ya 90, yakafika 7, na wa kwanza akawa Nowicki yule yule, na Cliff yule yule, na gari la aina ile ile. Katika mikasa yote miwili Joginder Singh alikuwamo miongoni mwa saba waliofika, jambo ambalo watu wasio wa Pijo hulileta kila mara katika mazungumzo ili kuupunguza utukufu wa Nowicki. Huyu Joginder, mzaliwa wa Kericho aliyeitwa Simba wa Kenya, alikuwa amekwisha kushinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo lililokwisha kutumika, akiwa ameondoka na namba moja, yaani yeye ndiye aliyewafungulia wenziwe tope. Naye alipendwa katika Mtwara na watu wa vyama vyote, kwa kuwa alijulikana kuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na fundi huku kwetu ni mtu mwenye taadhima.

Kati ya miaka hiyo kuna hekaya moja ambayo imeleta ubishi kuliko ushindi wowote. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden, akiendesha Saab ndogo pamoja na Gunnar Palm, alinasa katika tope, na badala ya kungoja kuvutwa, wakalipindua gari lao lililokuwa jepesi, likabingirika hadi kwenye udongo mgumu, likasimama kwa magurudumu yake, wakaliwasha na kwenda zao, na mwisho wakashika nafasi ya pili nyuma ya Ford Cortina la Peter Hughes. Habari hii ni ya kweli, na waandishi walioikanusha walionyeshwa hadharani namna ilivyofanywa. Lakini madereva wazee wa malori katika Mtwara hawaikubali, wala usijaribu kuwashawishi. Wamepata kupinduka wao wenyewe, na wanajua lori likipinduka huwa limepinduka.

Halafu kuna Bert Shankland. Mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, yeye na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966 na wakarudia mwaka 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404, na gari lao lilihesabiwa kuwa limetoka Tanzania. Kwa watu wa kusini hilo lilikuwa tukio la namna ya pekee: taifa lilikuwa changa, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari ya mwaka ule ule wa 1967, ng'ambo ya Ruvuma FRELIMO walikuwa vitani na Wareno, na magari ya jeshi yalikuwa yakipita usiku bila ya taa, na katikati ya hayo redio ikasema kuwa gari la Tanzania limeyatangulia magari ya Kenya. Kwamba dereva alikuwa Mzungu halikuwaudhi watu sana. Waliochambua mambo walisema kuwa gari limezoea barabara zetu, basi ni mtoto wa nyumbani.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia na kuishia Dar es Salaam, na baadhi ya watu wa Mtwara walisafiri kwenda kuyaona, safari ambayo kwa taabu zake huenda ilizidi ya washindani wenyewe. Walikwenda kumshangilia mtu wa nyumbani, wakashuhudia Hannu Mikkola wa Finland na yule Gunnar Palm, katika Ford Escort, wakiwa watu wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari; na watu wa Ford, wale wapole, kwa mara ya kwanza wakapata ulimi. Mwaka uliofuata Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza na alama za adhabu zilizo sawasawa, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Je, hiyo ni haki? Nimesikia suala hili likijadiliwa kwa hoja ambazo kadhi angezistahi, na mtu mmoja aliyepinga hukumu ile aliendelea kuipinga mpaka uzeeni, ingawa alikuwa shabiki wa Datsun na hakuwa na hasara yoyote.

Kuanzia mwaka 1974 mashindano yalibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Hapo ndipo mapenzi ya watu wa Mtwara yalipojaribiwa. Gari halikuja tena, gazeti la Nairobi halikuja, na katika dhiki ya mafuta ya miaka ile ikatoka amri kwamba magari ya watu binafsi yasitembee siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Na watu wakawa wanakaa barazani Jumapili ya Pasaka, barabara mbele yao tupu kabisa, wakisikiliza sauti hafifu ikieleza namna Mehta, aliyezaliwa Kampala na kufukuzwa na Idi Amin pamoja na Waasia wenzake, alivyokuwa akikimbiza Datsun lake katika nchi ambayo wao hawakuruhusiwa kuingia. Alishinda mwaka 1979, akashinda 1980, akashinda 1981, akashinda 1982. Watu wa Pijo walinunua kahawa mpaka sukari, iliyokuwa adimu madukani, ikawa haina habari tena.

Yaliyofuata nayapitia kwa haraka, kwa kuwa wazee wenyewe huyapitia kwa haraka. Yalikuja magari yenye nguvu za ajabu, ya Audi, Lancia na Toyota, yenye helikopta juu yake na mafundi kutoka Ulaya na Japani, na hakuna daktari wala mwenye duka katika Mtwara aliyekuwa na gari la namna hiyo. Furaha ilirudi kidogo mwaka 1994, Ian Duncan wa Kenya aliposhinda na Patrick Njiru, Mwafrika, akashika nafasi ya nne katika Subaru. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia, na haikurudi mpaka 2021, ilipokimbiwa Naivasha na mshindi akawa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Wajukuu waliwaonyesha babu zao katika simu, na babu mmoja, baada ya kutazama kwa adabu, aliuliza tope liko wapi.

Tope la kwetu nalo limeondoka. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa juu ya Rufiji na pantoni ya Ndundu ikastaafu; kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, kilichokuwa cha mwisho katika usumbufu, nacho kikapata lami; na leo basi huondoka Mtwara alfajiri likafika Dar es Salaam siku ile ile, likipishana na malori ya saruji. Sitaki kudanganya kwamba nayalilia yale ya zamani, maana aliyewahi kubeba mgonjwa katika barabara ile hawezi kuyalilia. Ninachokililia ni hesabu ya ubishi, ambayo haikuandikwa popote, na wenye kuihifadhi wanapungua.

Kuhusu suala lenyewe la Pijo na Datsun, ambalo msomaji wa Mtwara hatanisamehe nikilikwepa, rekodi ni hizi: Peugeot 404 lilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, Datsun likashinda 1970 na 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, kisha 1973, na ile minne ya Mehta mfululizo, na ushindi wake wa mara tano haujafikiwa na dereva mwingine yeyote katika Safari zilizokuwa za mashindano ya dunia. Kwa idadi, Datsun limeshinda. Lakini mimi nahukumu kwa barabara ya Ndundu wala si kwa idadi, na katika barabara ile gari nililoliona likifika Aprili kwa nguvu zake lenyewe lilikuwa Pijo. Basi ushindi nalipa Pijo, na mtu wa Datsun asiyeridhika na hukumu hii anakaribishwa kukata rufaa barazani siku yoyote baada ya sala ya alasiri, aje na kashata zake.